Usiamini wastani kabla hujaziona nukta

Kliniki ya watoto ina grafu ambayo karibu kila mzazi ameishika. Muuguzi humpima mtoto uzito, hutafuta umri wake kwa miezi kwenye mstari wa chini wa kadi, hupanda hadi kwenye kilo zake na kuweka nukta. Nukta moja haisemi mengi. Zikiungwa tatu au nne na mstari ukalala badala ya kupanda, muuguzi huanza kuuliza maswali, hata kama mtoto anaonekana ana afya.

Kadi hiyo hutumia grafu ya mstari kwa sababu inafuatilia mtoto mmoja mwezi hadi mwezi. Kulinganisha wagonjwa wa wilaya tano, pau zinatosha. Lakini ukitaka kujua kama vitu viwili vinakwenda pamoja, tuseme umri na shinikizo la damu kwa watu 100, chora grafu ya nukta. Kila mtu apewe nukta yake, na usiziunge, maana ni watu tofauti.

Kwa nini tusitosheke na hesabu? Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alitoa mafungu manne ya namba, kila fungu likiwa na jozi 11. Wastani ulikuwa uleule, 9 kwa namba za kwanza za jozi na 7.5 kwa za pili, na kipimo cha uhusiano kilikaribia 0.82 kwa yote. Yalipochorwa, kila moja lilikuwa na sura yake. La kwanza lilipanda kwa kutawanyika, la pili lilipinda kama upinde, la tatu lilinyooka isipokuwa nukta moja. La nne lilisimama wima kama mlingoti, na nukta moja ya mbali ndiyo iliyozaa "uhusiano" wote.

Katika takwimu za afya, nukta kama hiyo inaweza kuwa mgonjwa wa pekee, au kilo 6.2 zilizoandikwa 62.

Hata nukta zikipangika vizuri, bado si ushahidi wa chanzo. Katika shule ya msingi, wenye viatu vikubwa husoma vizuri zaidi. Viatu havifundishi kusoma. Umri ndio unaokuza miguu na kuongeza masomo.

Basi ukisikia kwamba chakula fulani "kinahusiana" na ugonjwa fulani, uliza kwanza: nukta zake zimekaaje?