Mashine ya Boti Inapogoma Kuwaka

Ras Kitau, rasi ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela ng'ambo ya mkondo, hufikiwa zaidi kwa chombo cha majini kuliko kwa gari, na hivyo hitilafu ya mafuta hapo humkabili zaidi nahodha kuliko dereva.

Uchunguzi huanzia kwenye tangi, ambalo kifuniko chake kina tundu la kupitishia hewa. Likisahauliwa limefungwa, petroli haivutiki hata tangi likiwa limejaa, kosa dogo ambalo limewafanya wengi wafungue mashine nzima bure. Kisha hubonyezwa pampu ya mkono, yaani kile kibofu cha mpira kilichopo katikati ya bomba la mafuta, ambacho hupaswa kuwa kigumu baada ya kubonyezwa mara kadhaa. Kikibaki laini, ama mafuta yamekwisha au hewa inaingia penye kiungo.

Plagi, kifaa kinachotoa cheche, ikitolewa ikiwa kavu baada ya kamba ya kuwashia kuvutwa mara nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, yanafika, na cheche ndiyo ya kushukiwa. Maji yaliyoingia katika mafuta nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, kwa hiyo mafuta yakimiminwa katika chupa angavu na kuachwa yatulie, matone yake huonekana yakiviringika kitakoni. Kazi hiyo ifanyike mbali na sigara, kwani mvuke wa petroli hushuka na kujikusanya ngamani.