Pampu ya Pumu Haimzoeshi Mtoto, Humuokoa

"Mtoto akishazoea pampu, hataiacha maisha." Maneno haya yamezagaa majumbani mwetu. Kwa ajili yake, pampu hufichwa kabatini huku mtoto akisuguliwa kifua kwa mafuta na kunyweshwa dawa ya maji hadi usiku wa manane. Ndugu msomaji, tuelewane hapa, kwani pumu huua.

Mtoto anapobanwa, misuli inayozunguka vijia vya hewa mapafuni hukaza, na vijia vyenyewe huvimba na kujaa makohozi. Ndiyo ile sauti ya filimbi tunayoisikia. Dawa ya salbutamol iliyomo ndani ya pampu huilegeza misuli hiyo. Ikinywewa, hupitia tumboni na kwenye damu kwanza. Huchelewa, na kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa zaidi, mtoto hutetemeka na moyo kumwenda mbio. Ikivutwa, kipimo kidogo hufika mapafuni moja kwa moja na nafuu huanza baada ya dakika chache. Haina uraibu. Mtoto huirudia kwa kuwa maradhi yamerudi.

Shida ni kwamba mtoto mdogo hawezi kuvuta pumzi papo hapo pampu inapobonyezwa, hivyo dawa nyingi huishia mdomoni. Kwa hiyo huwekwa spesa, kichupa cha kuishikilia dawa hadi aivute. Ikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita yatosha: toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ushikane barabara. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha chupa kama hiyo hufanya kazi sawa na spesa ya kununua.

Mkalishe mtoto wima. Tikisa pampu, ichomeke, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita za kawaida. Tikisa tena, urudie kwa idadi aliyoandika daktari.

Asipopata nafuu, akishindwa kuzungumza au kunyonya, mbavu zikibonyea, midomo ikigeuka rangi au akilegea, mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpa njiani.

Na akiihitaji pampu hii mara kwa mara, mrudishe kwa daktari. Huenda anahitaji ile nyingine ya kila siku, ya kuzuia uvimbe. Nyumbani, punguzeni moshi wa udi na makaa karibu naye. Pampu nayo itoke kabatini: iende naye shule na madrasa, na mwalimu ajue ilipo.