Kongosho Likivimba, Yurea Ipimwe Mara Mbili

Mgonjwa anafikishwa hospitalini Kakamega amejikunja, mikono imeshika tumbo. Maumivu yalimshika ghafla juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni, na kutapika hakukomi. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Lakini maabara ikikuta kimeng'enya cha lipase kimefika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, jibu ni jingine: kongosho limevimba.

Tezi hiyo hutengeneza maji makali ya kumeng'enyea chakula. Kijiwe cha nyongo kikiziba njia yake, au pombe kama chang'aa ikiijeruhi, maji hayo huanza kuila tezi yenyewe.

Lipase hutaja ugonjwa, haitaji ukali wake. Mwenye lipase ya mara ishirini anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, na wa mara nne akaishia chumba cha mahututi. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hupona bila matatizo makubwa. Kazi ni kuwatambua wale wawili mapema, hasa wakiwa Lugari au Likuyani, mbali na hospitali ya rufaa ya kaunti.

Mwaka 1974 daktari John Ranson wa New York alipanga dalili 11 za kutabiri hatari. Tatizo, zilihitaji saa 48 kukamilika. Protini ya CRP, ishara ya uvimbe katika damu, nayo huchelewa: ikizidi miligramu 150 kwa lita ni onyo kubwa, ila huaminika zaidi baada ya siku mbili.

Vipimo vya bei nafuu husema mapema zaidi. Kongosho likivimba, mishipa ya damu huvujisha maji, na damu inayobaki huwa nzito kama uji uliosahaulika mekoni. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 44 na isishuke hata baada ya dripu, daktari ana sababu ya kuhofu. Figo zikipungukiwa na damu, yurea, taka ya damu inayotolewa na figo, hupanda. Ndiyo maana kipimo cha ukali kiitwacho BISAP, cha mwaka 2008, kiliiweka yurea miongoni mwa mambo yake matano, yote ya saa 24 za kwanza.

Yurea moja haitoshi. Inayopanda kati ya siku ya kwanza na ya pili ndiyo ya kuogopwa. Mwenye mgonjwa wodini, kesho yake asubuhi muulize daktari: yurea imepimwa tena, na imepanda au imeshuka?