Mfuko wa Jirani

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo lililo karibu sana na milango yetu, yaani msaada wa fedha kwa jirani aliyepatwa na shida ya ghafula. Shida hizi sote twazijua. Baba ameugua majuma matatu, ujira umekatika, na mwenye nyumba ataka kodi yake. Au moto umeteketeza kibanda cha biashara usiku. Au kuna msiba, na gharama za maziko hazijapatikana. Mtu huyu hahitaji fedha nyingi, lakini azihitaji leo. Akizikosa, hukimbilia kwa mkopeshaji wa riba, au huweka rehani cherehani yake, ambayo ndiyo jembe lake. Na shida ya mwezi mmoja huwa utumwa wa miaka.

Je, tumsaidieje, ili msaada wetu uwahi, nao usimtie haya? Watu waliotutangulia walijiuliza swali hilo, na majibu yao yafaa kusimuliwa.

Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1617, Mtakatifu Vincent wa Paulo alikuwa paroko wa Châtillon, katika nchi ya Ufaransa. Jumapili moja, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, aliletewa habari ya nyumba moja ambamo watu wote walikuwa wagonjwa, hapana wa kumpa mwenzake maji. Akawahubiria watu habari hiyo. Baadaye alipokwenda mwenyewe kuwatazama, aliikuta njia imejaa watu wakienda na kurudi, wamewachukulia vyakula. Alifurahi, kisha akafikiri moyoni: leo wagonjwa hawa wana vyakula kupita kiasi, na vingine vitaoza; lakini siku zijazo watakula nini? Upendo ulikuwa mwingi, ila haukuwa na utaratibu. Basi siku chache baadaye aliwakusanya wanawake wa mahali pale, wakapatana kuwatunza maskini wagonjwa kwa zamu, kila mmoja kwa siku yake.

Miaka zaidi ya mia mbili ikapita. Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia mji wa Paris, kikaua watu zaidi ya 18,000, na mitaa ya maskini ikajaa wajane na yatima. Mjini humo alikuwako mwanafunzi mmoja wa sheria, jina lake Frédéric Ozanam. Yeye na wenziwe walizoea kujadiliana juu ya dini na watu wasioamini, na siku moja wakaulizwa: Kanisa lenu lilitenda mema zamani, je, ninyi leo mwatenda nini? Swali hilo likawachoma. Tarehe 23 Aprili 1833, siku ile Ozanam alipotimiza miaka 20, vijana sita walikutana na mtu mzima mmoja, Emmanuel Bailly, wakaanzisha chama chao kidogo. Kwa kuwa hawakujua waanzie wapi, walitaka shauri kwa Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa amekaa miaka mingi na maskini wa mtaa wa Mouffetard. Yeye akawaonyesha nyumba za kwenda, akawapa na vyeti vya kupatia chakula.

Chama hicho kikaitwa kwa jina la Mtakatifu Vincent wa Paulo, na leo kimo katika nchi zipatazo 150, hata Kenya na Tanzania. Desturi zake za kwanza zingaliko. Wanachama huenda wawili wawili mpaka nyumbani kwa mwenye shida, huketi naye na kumsikiliza. Katika mkutano wao hupitisha mfuko, na kila mtu hutia alichojaliwa pasipo wengine kujua ametia kiasi gani, ili mwenye senti asione haya mbele ya mwenye noti. Huko Marekani, ambako chama kilianza mwaka wa 1845 katika mji wa St. Louis, vikundi vya parokia husaidia kulipa kodi ya nyumba au deni la umeme la jirani aliye karibu kufukuzwa au kukatiwa. Wala msaada haufungwi kwa mtu wa dini moja tu.

Wengine watasema: Kutoa fedha ni kufundisha uvivu, na wadanganyifu ni wengi. Ni kweli, wadanganyifu wako. Lakini dawa yake si kufunga mkono. Dawa yake ni kwenda kuona. Aliyeketi katika nyumba ya jirani, akaona chungu kilichofunikwa na mtoto aliyelala mchana kwa njaa, hana haja ya kuuliza maswali mengi. Na ikiwa deni ni kodi, fedha na zipelekwe kwa mwenye nyumba.

Nasi katika jumuiya zetu twaweza kuanza na kidogo. Sanduku liwe na funguo mbili, zishikwe na watu wawili, na wa tatu ashike daftari. Fedha zikusanywe kabla shida haijaja, kwani mwenye kuchimba kisima nyumba ikiwaka moto hachoti maji kwa wakati. Hesabu isomwe mbele ya wote, lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe kamwe. Na fedha zisipotosha, tumwambie jirani wazi siku ile ile, apate kutafuta njia nyingine, kuliko kumweka akingoja ahadi.

Zaidi ya yote, tusimdai aliyesaidiwa malipo ya namna yoyote: asisukumwe kuja kanisani, wala asifanywe mtumishi wetu. Leo ni yeye, kesho ni sisi. Wahenga wamesema, kutoa ni moyo, si utajiri; nao wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tukumbuke yule Msamaria aliyesimuliwa na Bwana wetu. Hakumhurumia majeruhi kwa machozi tu. Alimfunga vidonda, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa fedha, akaahidi kulipa zitakazopungua atakaporudi. Wala hakumwuliza mtu yule kabila lake. Basi, wapenzi, Jumapili hii mkitoka Misani, ulizaneni: katika mtaa wetu, ni mlango gani uliofungwa kwa haya, na ni nani wawili watakaokwenda kuubisha?