Je, Wajua? Bunduki, Daftari na Simu Chini ya Mlima Kenya

Je, wajua kwamba bunduki iliyorekebishwa shabaha Mombasa hupiga juu ya alama ikipelekwa Nanyuki? Haijaharibika njiani. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, Nyeri karibu 1,800, na huku juu hewa ni nyepesi: shinikizo lake Nanyuki ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Risasi haikutani na upinzani ule wa Mombasa, hivyo inafika mapema, na uvutano wa dunia unapata muda mfupi wa kuishusha. Kwa mita 100 huoni tofauti yoyote. Kwa mita 800, risasi ya milimita 7.62 inaweza kupita zaidi ya nusu mita juu ya pale ulipolenga. Wanajeshi wa Uingereza wanaotua kwenye kituo chao cha mafunzo, BATUK, hapo hapo Nanyuki, wana kila sababu ya kurekebisha darubini zao upya kabla ya kuanza mazoezi.

Programu za simu zinazokokotoa mwendo wa risasi zinalijua jambo hili. Unaijazia programu uzito wa risasi, kasi inayotokea nayo mtutuni, joto, shinikizo la hewa, upepo na umbali. Kufumba na kufumbua inakuambia uzungushe kitufe cha darubini mara ngapi. Ila kuna mtego, na unawanasa hasa watu wa milimani. Shinikizo linalotangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa kwa kawaida huwa limekokotolewa upya kana kwamba kila mji uko ufukweni, ili miji iweze kulinganishwa. Taarifa ya Nyeri inaweza kusoma hektopaskali 1,015, ilhali kipimo halisi ukiwa umesimama sokoni ni kama 820. Ukiiambia programu 1,015, na isijue kwamba umepanda mlima, itaamini uko Likoni, Mombasa, na itakupa majibu ya Likoni, tena yenye desimali. Daftari ambamo mpiga shabaha huandika matokeo yake halina kosa hili kwa sababu halikadirii kitu. Linasema siku ile, mahali pale, risasi ilitua hapa.

Watalii wanaosimama kwenye kibao cha ikweta Nanyuki huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, na upande mwingine hatua chache kusini. Kwa umbali mdogo kama huo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamua maji ya beseni yaelekee wapi. Mkono wa anayemimina ndio unaoamua. Lakini risasi ya masafa marefu inauhisi mzunguko huo kwelikweli, na kwa namna ya kushangaza. Wapigaji wa Ulaya huhesabu jinsi unavyoipindisha risasi kulia. Kwenye ikweta kupinda huko ni sifuri. Badala yake, risasi inayoelekea mashariki hupiga juu kidogo na inayoelekea magharibi hupiga chini, na hakuna mahali duniani ambapo tofauti hii ni kubwa kuliko kwenye ikweta. Kwa mita 1,000 ni kama sentimita 10 kila upande. Athari hii inaitwa kwa jina la Loránd Eötvös, mwanafizikia wa Hungaria, aliyeieleza baada ya kuchunguza vipimo vya uvutano vilivyochukuliwa ndani ya meli zinazosafiri. Programu nzuri hukuuliza latitudo na upande unaolenga. Usipoijibu, haiwezi kubahatisha.

Je, wajua pia kwamba hesabu za risasi zilichangia kuzaliwa kwa kompyuta? ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia Februari 1946, ilibuniwa kukokotoa majedwali ya mizinga ya jeshi la Marekani. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na watu, wengi wao wanawake waliosomea hisabati, na njia moja tu ya kombora iliwachukua kama saa 20. ENIAC iliimaliza kwa nusu dakika.

Sasa tulifungue daftari lenyewe. Ukurasa mmoja una mchoro wa shabaha, na kila tundu limewekewa alama mahali lilipotokea. Pembeni: tarehe, saa, joto, upepo unatoka wapi, mwanga ukoje, namba ya toleo la risasi, na jumla ya risasi zilizokwisha kupita mtutuni. Ile ya kwanza, inayopigwa mtutu ukiwa baridi, huandikwa peke yake, kwa kuwa mara nyingi haitui pamoja na nyingine. Asubuhi ya Julai Nyeri, ukungu ukiwa bado haujapanda, baruti baridi huungua taratibu kidogo na risasi hutoka na kasi pungufu kuliko mchana wa Februari. Mtutu nao huchakaa kadiri unavyotumika. Mambo haya simu haiyajui mpaka mtu aiambie, na mtu huyo atayatoa wapi kama hakuyaandika? Penseli ndiyo bora: wino mwingi husambaa kwenye mvua ya milima ya Aberdare, penseli hubaki.

Mpiga bunduki mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi Nyeri, Jim Corbett, hakuhitaji majedwali, kwani chui na simbamarara wake wengi aliwapiga karibu mno. Bunduki yake ya Rigby alizawadiwa baada ya kumuua simbamarara jike wa Champawat, India, mwaka 1907, aliyehesabiwa kuua watu 436. Nyeri aliishi Paxtu, nyumba aliyojengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, kwenye hoteli ya Outspan, akafariki mwaka 1955. Hata hivyo kalamu haikumwacha: baada ya usiku wa 5 Februari 1952, alipomlinda Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika hoteli ya Treetops, aliandika habari za usiku huo kwa mkono kwenye rejista ya hoteli hiyo.

Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo wenye leseni ya bunduki leo hulenga karatasi au bamba la chuma. Wengi wao hutumia simu na daftari pamoja, na nadhani wako sahihi. Hukokotoa kwa simu, hunakili namba kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye kitako cha bunduki, kisha hupiga. Namba isiyolingana na tundu hukatwa kwa penseli na ya kweli kuandikwa juu yake. Jioni ile namba mpya hurudishwa ndani ya programu, ili irekebishe kasi ya risasi iliyokuwa imeambiwa mwanzoni.