Wakenya Minnesota na barua ya mbunge: Sheria mpya huanza lini?

KILA Bunge la Minnesota linapofunga kikao chake mwezi Mei, wakazi wa jimbo hilo la kaskazini mwa Marekani huanza kupokea barua kutoka kwa wawakilishi wao. Zamani nyingi zilikuja kwa posta. Siku hizi aghalabu huja kwa baruapepe. Yaliyomo hayajabadilika sana: miswada iliyopita, iliyokwama, tarehe ambayo sheria mpya zitaanza kutumika, na kisha, sehemu ya chini, habari za mtaani kama vile mkutano wa hadhara katika maktaba, barabara itakayofungwa kwa ukarabati, au siku ya mwisho ya kudai marejesho ya kodi ya nyumba.

Kwa msomaji wa hapa nyumbani, mseto huo waweza kuonekana wa kawaida mno usistahili kujadiliwa. Kwa Mkenya anayeishi huko, hasa anayefanya zamu za usiku hospitalini au anayewatunza wazee na walemavu katika makao yao, barua hiyo yaweza kumjulisha kwamba ana haki ya kulipwa akiugua, au kwamba bima ya nduguye inakatizwa mwisho wa mwaka.

Bunge la Minnesota lina wabunge 201. Kati yao, 67 ni maseneta na 134 ni wanachama wa Bunge la Wawakilishi. Kila eneo la seneta limegawanywa mara mbili, A na B, na kila nusu humchagua mwakilishi wake kwa muhula wa miaka miwili. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, iliyoonyesha kuwa jimbo hilo lina wakazi milioni 5.7, mwakilishi mmoja husimamia takriban watu 42,000. Hiyo ni idadi ndogo kuliko ya maeneobunge mengi ya Kenya, na ndiyo maana mbunge wa jimbo hujulikana mtaani kwa karibu zaidi kuliko mjumbe aliye Washington.

Miongoni mwa waliochaguliwa Novemba 2024 ni Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyeshinda kiti cha eneo la 38A kupitia chama cha DFL, jina ambalo Wademokrat hutumia Minnesota. Eneo hilo limo kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, upande wa Brooklyn Park, mji ambao Wakenya, wengi wao wakiwa na asili ya Gusii, wamejenga makanisa, maduka na mitandao ya kusaidiana. Kabla yake, mwaka 2016, Ilhan Omar alichaguliwa kuingia katika bunge hilo hilo akiwa na historia iliyopitia Pwani ya Kenya, kwani aliishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa. Baadaye alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Lipo jambo moja ambalo humtatiza Mkenya anayesoma barua hizi kwa mara ya kwanza. Hazitaji basari. Mbunge wa Kenya, tangu Hazina ya Ustawishaji wa Maeneobunge (CDF) ilipoanzishwa mwaka 2003, amezoea kupimwa kwa madarasa aliyojenga na karo aliyolipa. Mwakilishi wa Minnesota hana hazina ya namna hiyo. Anaweza kupigania fedha za daraja au chuo ziwekwe katika mswada wa ujenzi wa jimbo zima, lakini hagawi hundi. Basi linalobaki la kuwaeleza wapigakura ni kazi aliyotumwa kuifanya, yaani sheria: alizounga mkono, alizopinga na sababu zake. Si kwamba wanasiasa wa huko ni waadilifu zaidi. Ni kwamba hawana kingine cha kuonyesha.

Sehemu ya barua inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote ni tarehe. Gavana akitia sahihi mswada, picha hupigwa na magazeti huandika kuwa sheria imepatikana. Lakini kutiwa sahihi si kuanza kutumika. Huko Minnesota, sheria isiyotaja tarehe yake huanza Agosti 1, na ile inayotenga fedha huanza Julai 1. Bunge likitaka tarehe nyingine, huitaja ndani ya sheria yenyewe, na yaweza kuwa kesho yake au miaka kadhaa mbele. Kenya ina kanuni inayofanana na hiyo: Kifungu cha 116 cha Katiba ya 2010 huipa sheria nguvu siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa kama imetaja wakati mwingine.

Pengo hilo la miezi au miaka limewahi kuwatia watu taabani. Mfano mzuri ni leseni za udereva. Tangu mwaka 2003, Minnesota ilikuwa ikimnyima leseni yeyote asiyeweza kuthibitisha kwamba yumo nchini kihalali. Kwa miaka 20, watu wasio na vibali waliendesha magari kwenda kazini huku wakijua kwamba kosa dogo la taa lingeweza kuwafikisha mahali pabaya. Mnamo Machi 7, 2023, Gavana Tim Walz alitia sahihi sheria ya kuondoa sharti hilo. Hata hivyo, ilianza kutumika Oktoba 1, 2023. Aliyesikia habari hizo redioni mwezi Machi na kutoka barabarani Aprili akidhani mambo yameshakuwa shwari, alikuwa bado anavunja sheria kwa muda wa karibu miezi sita. Barua iliyoandikwa vizuri ingemwambia tarehe hiyo katika mstari wa kwanza. Aidha, ingemwambia jambo ambalo wengi waliuliza: kwamba idara ya leseni imekatazwa kukabidhi habari za waombaji kwa maafisa wa uhamiaji pasipo idhini ya jaji.

Mwaka huo wa 2023 ulikuwa wa sheria nyingi, kwa kuwa chama cha DFL kilishika mabunge yote mawili pamoja na afisi ya gavana. Chakula cha asubuhi na cha mchana kwa wanafunzi bila malipo kilitiwa sahihi Machi 17 na kuanza muhula uliofuata. Haki ya kulipwa siku za ugonjwa ilianza Januari 1, 2024: mfanyakazi hupata saa moja ya mapumziko yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na haki hiyo humhusu hata wa muda au wa kibarua mradi anatarajiwa kufanya kazi saa 80 kwa mwaka katika jimbo hilo. Kwa wahudumu wa afya wanaohama kutoka makao hadi makao, kipengele hicho cha wafanyakazi wa muda ndicho kiini cha sheria yenyewe.

Kubwa zaidi ni likizo ndefu yenye malipo. Sheria yake ilitiwa sahihi Mei 2023, lakini malipo yalianza Januari 1, 2026, zaidi ya miaka miwili unusu baadaye, kwa sababu ilibidi jimbo lijenge mfumo mzima wa kukusanya michango na kupokea maombi. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri hulazimika kubeba angalau nusu yake. Mfanyakazi anaweza kupata hadi wiki 12 akiwa mgonjwa au amejifungua, na hadi wiki 12 za kumlea mtoto mchanga au kumuuguza jamaa, ila kwa jumla asipite wiki 20 katika mwaka mmoja. Aliyeona makato mapya kwenye hati ya mshahara Januari hiyo na kulalamika kwamba ameibiwa, huenda alikuwa ameifuta barua ya mbunge wake bila kuifungua.

Sheria nyingine hutoa, nyingine huondoa. Mwaka huo huo wa 2023, bunge liliwaruhusu wahamiaji wasio na vibali kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa mapato ya chini, kuanzia Januari 1, 2025. Lakini uchaguzi wa Novemba 2024 uliliacha Bunge la Wawakilishi likiwa sare, viti 67 kwa 67. Republican walisisitiza kwamba hawangepitisha bajeti pasipo kuwaondoa watu hao kwenye bima. Katika kikao maalumu cha Juni 9, 2025, mswada wa kuwaondoa watu wazima ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65, watoto walibakishwa. Kura moja tu ya DFL katika bunge hilo iliuunga mkono, nayo ilikuwa ya kiongozi wao, Melissa Hortman, aliyekuwa ameafiki mapatano hayo ili serikali ya jimbo isifungwe. Alizungumza na wanahabari baadaye akibubujikwa na machozi.

Siku tano baadaye, Juni 14, 2025, Hortman na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walijeruhiwa vibaya nyumbani kwao Champlin, mji jirani, na mshambuliaji yule yule. Mauaji hayo yaligusa desturi yenyewe inayozungumziwa hapa, kwa sababu ukaribu wa mbunge wa jimbo na watu wake, anwani inayojulikana na mlango unaobishwa na yeyote, ndio uliotumiwa kumfikia.

Watu wazima waliopoteza bima walikatiziwa mwishoni mwa Desemba 2025. Kwa mgonjwa wa kisukari au mwenye miadi ya upasuaji, miezi sita kati ya kura na tarehe hiyo ilikuwa ndiyo nafasi ya kutafuta kliniki mbadala, na nafasi hiyo ilimfaa yule tu aliyepata habari mapema.

Hata hivyo, barua ya mbunge haifai kusomwa kama hati ya mahakama. Aliyeiandika ni mwanasiasa anayetaka kurudi. Januari 2025, wabunge wa DFL walisusia vikao kwa zaidi ya wiki tatu baada ya mahakama kuamua kwamba mmoja wa washindi wao hakuwa mkazi wa eneo lake, hali iliyowapa Republican uwezo wa muda wa viti 67 kwa 66. Upande mmoja uliita kitendo hicho kulinda mapatano ya wapigakura. Wa pili ukaita kuhepa kazi. Mpokeaji wa barua za pande zote mbili angedhani ni mabunge mawili tofauti.

Pia kuna miswada inayofungasha mambo mengi kama furushi la mitumba. Usiku wa mwisho wa kikao cha 2024, bunge lilipitisha mswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400, ilhali Katiba ya jimbo hutaka kila sheria iwe na mada moja tu. Mwaka 2025 jaji wa Kaunti ya Ramsey alikifuta kipengele kimoja kilichotiwa humo, cha kupiga marufuku vifyatuzi vinavyofyatua risasi mara mbili, kinapovutwa na kinapoachiliwa. Wakenya wanaoikumbuka miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali wanaujua mchezo huo. Mbunge hutaja katika barua yake vipengele viwili vitatu vitamu vya furushi hilo, na vingine huachwa vijitokeze vyenyewe. Mwenye shaka huingia katika tovuti ya afisi ya bunge inayochapisha sheria, akatafuta kwa nambari ya sura, na kusoma neno lililopitishwa.

Habari za mtaani zilizo chini ya barua si za kupuuzwa. Agosti 15 ndiyo siku ya kawaida ya kuwasilisha ombi la marejesho ya kodi ya nyumba, fedha ambazo mwenye nyumba asiyejua hataletewa mlangoni. Mradi wa kuifikisha treni ya Blue Line hadi Brooklyn Park umejadiliwa mikutanoni kwa miaka mingi, na wenye maduka kando ya njia yake wana sababu ya kufika. Mwisho wa Agosti, katika Maonyesho ya Jimbo, mabunge yote mawili huendesha kura ya maoni isiyo rasmi, na yeyote anayepita aweza kujaza karatasi.

Asiye raia hapigi kura ya mbunge, lakini bado huweza kujiandikisha kupokea barua hizo, kuhudhuria mikutano na hata kutoa ushahidi mbele ya kamati, jambo linalokaribiana na ushirikishaji wa umma wa Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya. Anayetaka kusema huwasiliana na karani wa kamati kabla ya kikao, akataja nambari ya mswada na upande wake, kisha hupewa dakika chache mbele ya kipaza sauti.