Utangulizi: Kupima Umeme wa Mtambo wa Moshi

Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba huvuka mpaka Busia, au Malaba wilayani Tororo. Foleni ikirefuka, fundi wa umeme hupata kazi papo hapo barabarani. Dereva anamwonyesha taa ya njano kwenye dashibodi: gari limepoteza nguvu, na mwenye mzigo anapiga simu. Karibu, msomaji, katika taaluma inayojibu taa hiyo.

Ni taaluma changa kwetu. Dizeli za zamani zilihitaji umeme wa kuwashia na wa taa, basi. Lakini Ulaya ilianza kiwango cha Euro 4 kwa malori mwaka 2005 na Euro 5 mwaka 2008, na magari hayo sasa hutufikia yakiwa mitumba, pamoja na mtambo mzima wa kusafisha moshi. AdBlue, yaani yurea asilimia 32.5 katika maji yaliyosafishwa, hunyunyizwa kwenye ekzosi. Joto huigeuza kuwa amonia, nayo ndani ya katalisti hubadili oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sensa iliyofungwa kwenye bomba hupima gesi inayobaki na kuiarifu kompyuta. Arifa zisipofika, kompyuta huibana injini.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine ya kusomea gari inaonyesha msimbo wa hitilafu upande wa sensa, fundi anaagiza sensa mpya, na baada ya siku mbili taa inarudi. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Unasema tu kwamba kompyuta imekosa habari upande ule, na sababu inaweza kuwa fyuzi, soketi au waya ulioliwa ndani kwa ndani.

Tazama soketi yenyewe. AdBlue ikivuja huacha chumvi nyeupe, hupenya kwenye nyaya na kuila shaba hadi igeuke kijani. Sensa nyingi za aina hii zina nyaya nne: chanya, hasi na mbili za mawasiliano. Chomoa soketi, weka mita kwenye chanya na hasi, utasoma volti 24 na kudhani kila kitu kizima. Sivyo. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliosalia utaonyesha volti kamili. Ndani ya sensa kuna kauri inayopashwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, na hita yake ina njaa. Unganisha balbu ya wati 21 hapo, kisha pima tena. Volti zikiporomoka, sensa haina kosa, fuata waya.

Nyaya za mawasiliano hupimwa umeme ukiwa umezimwa. Kwa kawaida njia hiyo ina kizuizi cha omu 120 kila mwisho, hivyo kati ya nyaya mbili utasoma takriban omu 60. Ukisoma 120, kizuizi kimoja hakipatikani au waya umekatika.

Kuna wanaofunga kijisanduku cha kuidanganya kompyuta kwamba AdBlue inanyunyizwa. Naipinga njia hiyo waziwazi. Oksidi za nitrojeni huumiza mapafu, na kwenye foleni ya mpakani wanaozivuta ni wauza chakula, waendesha bodaboda na madereva wenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mafuta ya kiwango hicho hayatupi sababu ya kuung'oa mtambo unaotengenezeka kwa kubadilisha futi moja ya waya.

Kabla ya kuendelea na sura zinazofuata, tafuta mita nzuri, balbu ya volti 24 na mchoro wa nyaya wa gari unalolihudumia. Kama mchoro huna, usikate waya wowote.